Jibu la UDP Likipotea: Tuhamie TCP au Tukague Programu?

Mtu anayeandika seva ndogo Mombasa, tuseme ya kupokea mahali lilipo kila lori linalotoka bandari ya Kilindini kuelekea Mariakani, hukutana na shida hii mapema: ujumbe wa kifaa unafika, logi ya seva inasema jibu limetumwa, lakini kifaa hakipati kitu. Wapo wanaosema dawa ni kuachana na UDP, njia ya kutuma vifurushi vya data (paketi) bila kuhakikisha vimefika, na kuhamia TCP, ambayo hufungua muunganisho kwanza na kutuma upya kilichopotea. Wengine, na mimi nikiwemo mara nyingi, husema kagua programu kwanza.

UDP haikuahidi chochote. RFC 768, waraka wa Jon Postel wa mwaka 1980 unaoieleza, una kurasa tatu tu, na kichwa cha paketi ni baiti 8. Risiti hakuna. Kwa hiyo sendto, amri ya kutuma, ikirudi bila kosa, ujue tu kwamba kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, imepokea paketi yako. Safari ya mbele haikuhusu tena.

Lakini makosa mengi hayatoki njiani. Chukua seva ya Linux yenye anwani mbili kwenye kadi moja, 192.168.1.10 na 192.168.1.20, iliyofanya bind kwenye 0.0.0.0, yaani inasikiliza anwani zake zote. Kifaa kinauliza .20. Kerneli inachagua anwani ya kwanza, na jibu linatoka likiwa na jina la .10. Kama kifaa kilitumia connect, amri ya kujifunga na anwani moja tu, kerneli yake inalitupa jibu hilo kwa sababu halikutoka kwa aliyeulizwa. Ukiwasha tcpdump, programu ya kuchungulia paketi, kwenye kifaa utaliona likiingia, na programu bado inasubiri! Tiba ni kufanya bind ya soketi, yaani kiungo cha programu na mtandao, kwenye anwani mahususi, au kutumia IP_PKTINFO, mpangilio unaokuonyesha paketi ilitumwa kwa anwani ipi, ili ujibu kwa anwani ileile iliyoulizwa.

Kosa lingine ni kurudisha jibu kwenye poti (namba ya mlango wa programu) uliyoizoea badala ya ile iliyoletwa na recvfrom, amri ya kupokea. Ofisini linafanya kazi vizuri. Lori likiwa barabarani, NAT ya mtandao wa simu, yaani mtambo unaobadilisha anwani za paketi njiani, imeshabadilisha poti, na jibu linagonga mlango usiokuwepo.

Hata hivyo, wanaotaka TCP wana hoja nzito, na si haki kuwapuuza. TCP hujibu kwa anwani ileile iliyounganishwa, hivyo kosa la .10 na .20 halitokei kabisa. Na NAT haina subira na UDP: kwenye Linux, njia ambayo bado haijapata jibu hufungwa baada ya sekunde 30 kwa mpangilio wa kawaida, ilhali muunganisho wa TCP huachwa siku 5. Seva inayongoja hifadhidata dakika nzima ndipo ijibu imeshachelewa. Tena ukianza kuongeza namba za mfuatano, risiti na kutuma upya, unaijenga TCP kwa mkono, na yako itakuwa na kasoro zaidi.

Mimi ningegawa kazi. Mahali lilipo lori hupitwa na ujumbe unaofuata, kwa hiyo UDP inatosha. Rekodi ya mafuta au ya mzigo uliokabidhiwa ipelekwe kwa TCP. Na pale tcpdump ya upande wa seva inapoonyesha jibu limetoka papo hapo, kwa anwani na poti sahihi, na kifaa bado hakilipati, hapo sitabishana tena na anayetaka kuhama.