Mpiga Picha Aone Kurasa Kabla ya Kutoa Kamera

Majarida mengi ya kuchapwa hapa kwetu hutengenezwa kama mbio za vijiti. Mpiga picha anapiga, anatuma, anaondoka. Msanifu kurasa anapokea, anapanga, anapeleka kwa mchapaji. Jarida likitoka, msanifu analalamika kuwa picha zote zimelala (upana umezidi urefu) na hakuna hata moja iliyosimama. Mpiga picha naye analalamika kuwa watu wake wamekatwa vichwa. Wote wawili wanasema kweli. Hawakukaa meza moja kabla kazi haijaanza, basi.

Msimamo wangu ni kwamba ramani ya kurasa itangulie kamera. Chukua karatasi 12 za A4, zikunje katikati kwa pamoja, zipige pini mbili mgongoni: umepata kijitabu cha kurasa 48. Andika kwa penseli kila ukurasa una nini. Kijitabu hicho kichafu kina faida kuliko kikao cha saa mbili, maana mpiga picha anakifungua na kuona kwa macho yake picha yake itakaa wapi, itakuwa kubwa kiasi gani, na inatazamana na nini.

Tuseme kuna habari ya kurasa nane kuhusu mnada wa samaki pale Feri, Dar es Salaam. Ramani inamwambia mpiga picha: nahitaji moja iliyolala ya kujaza kurasa mbili za mwanzo, na upande wa kushoto uwe mtupu, anga au maji, ili kichwa cha habari kipate pa kukaa. Nahitaji sura mbili zilizosimama. Nahitaji vitu vya karibu vinne au vitano: mikono ya anayepara samaki, noti zilizolowa, ndoo, mizani. Bila maelezo hayo atarudi na picha mia tatu za umati, nzuri zote, na hakuna hata moja yenye nafasi ya maneno. Na mnada wa alfajiri haurudiwi mchana kwa ajili yako.

Kitu kinachosahaulika zaidi ni mkunjo wa katikati. Jarida la pini lenye kurasa 48 lina mahali pamoja tu ambapo kurasa mbili zinazotazamana ziko kwenye karatasi moja: ukurasa wa 24 na wa 25. Kwingine kote, nusu ya kushoto na nusu ya kulia zimechapwa mbali mbali, kisha zikakutanishwa. Zikipishana milimita moja tu, mstari wa upeo wa bahari unavunjika na kila msomaji anauona. Kwa hiyo picha yenye mstari mrefu ulionyooka ipeleke 24–25, au usiipasue kabisa. Jarida la gundi lina ugonjwa mwingine: halifunguki likalala, kwa hiyo karibu sentimita moja ya kila upande inamezwa. Sura ya mtu ikiwa katikati ya fremu, pua ndiyo itakayomezwa. Mpiga picha akilijua hilo mapema, atamsogeza mtu wake theluthi moja pembeni.

Kuhusu ukubwa, hesabu ni fupi. Kurasa mbili za A4 pamoja na milimita 3 za kukatwa kila upande ni milimita 426 kwa 303. Kwa nukta 300 kwa inchi, hiyo ni takriban pikseli 5030 kwa 3580. Kamera ya megapikseli 24 inatoa 6000 kwa 4000, kwa hiyo inatosha, lakini nafasi ya kukatakata ni ndogo. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida hubaki na pikseli kama 1600 upande mrefu, yaani sentimita 13 na nusu tu kwenye karatasi. Faili zipite Google Drive au diski ya kubeba mkononi, na majina yake yataje ukurasa: uk14_mizani_02. Jina kama IMG_4471 linaomba kupotea.

Sasa rangi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Skrini inatoa mwanga. Karatasi inaupokea tu. Picha iliyorekebishwa usiku kwenye kompyuta yenye mwanga wa juu kabisa itatoka kiwandani ikiwa nzito, kwa sababu nukta za wino hutanuka zikigusa karatasi, na zinatanuka zaidi kwenye karatasi isiyo na mng'aro. Wanaoumia kwanza ni watu weusi waliopigwa kivulini: shavu, nywele na ukuta wa nyuma vinakuwa doa moja. Dawa yake si kuongeza mwanga wa picha nzima. Inua rangi za kati usoni, zile zilizo kati ya mwanga na giza, acha weusi wenyewe ubaki weusi. Halafu soma namba za wino kwenye ngozi: njano na majenta (wekundu wa zambarau) ziwe juu, samawati iwe chini yake kwa mbali. Samawati ikizidi, ngozi inapata rangi ya jivu, kama mtu aliyetoka kuoga asijipake mafuta. Jumla ya wino zote nne (samawati, majenta, njano na nyeusi) isivuke asilimia 300 kwenye karatasi ya kung'aa, na ishuke zaidi kwenye isiyong'aa. Ikizidi, wino haukauki na ukurasa unaupaka mwenzake.

Kazi ya kugeuza RGB (rangi za skrini) kuwa CMYK (rangi za wino nne) nampa msanifu, tena mara moja tu, mwishoni, kwa profaili, yaani faili la vipimo vya rangi, iliyotajwa na mchapaji. Mpiga picha akigeuza kwake na msanifu akageuza tena, rangi zinapauka na hakuna anayejua pa kuanzia kutengeneza.

Uchaguzi wa picha ufanyike sakafuni. Safisha picha 40 kwa kipimo cha postikadi, zitandaze, mzunguke wote wawili. Mpiga picha huipenda picha iliyomtoa jasho. Msanifu huipenda yenye nafasi tupu. Kila mmoja apewe kura ya turufu mbili, na muandikiane mapema ni picha zipi haziruhusiwi kukatwa hata kidogo. Jina la mpiga picha likae kwenye habari yenyewe, lisifichwe ukurasa wa mwisho kwa herufi za sisimizi.

Siku ya kuchapa mwende wote, mkiwa na prufu ya karatasi, yaani nakala ya majaribio, mkononi. Itazameni dirishani, si chini ya taa ya tyubu. Na kabla ya kumwambia fundi aongeze wekundu kwenye uso fulani, mwulize ni kurasa gani ziko mstari mmoja na huo kwenye karatasi kubwa inayochapwa kurasa nyingi kwa pamoja. Mtambo unamwaga wino kwa mistari, kwa hiyo wekundu mnaouongeza kwa muuza pweza wa ukurasa wa 14 utashuka pia kwenye picha yoyote iliyo mbele au nyuma yake katika mstari huo. Ikiwa pale kuna sahani ya wali mweupe, utatoka wa waridi.