Tovuti tano, mdomo mmoja

Ukitaka kujua mwandishi wa habari za mtandaoni hapa Uganda anamwamini nani, usimuulize. Angalia makundi ya WhatsApp aliyomo. Kuna la polisi, la jeshi, la wizara moja mbili, la chama. Asubuhi taarifa inatumwa humo ikiwa na nembo na sahihi, na kabla chai haijaisha imeshapanda kwenye tovuti tano, aya kwa aya, hata makosa ya tahajia ni yaleyale. Msomaji wa Busia au Mbarara anaona tovuti tano zinasema jambo moja, anajiambia basi ni kweli. Kumbe aliyesema ni mmoja.

Hili linanikera kuliko barua za kughushi zenye nembo ya serikali. Hizo tumeshazizoea: barua ikizuka, wizara inaichukua, inaigonga maandishi mekundu ya kuikana kutoka kona hadi kona, inairudisha mtandaoni. (Wapo wanaoiamini zaidi kwa sababu imekanwa, lakini hao tuwaache.)

Waandishi wetu wamejifunza kuuliza kama akaunti ni ya mwenyewe. Vizuri, ila haitoshi. Oktoba 2022 Muhoozi Kainerugaba, wakati huo kamanda wa jeshi la nchi kavu, aliandika Twitter kwamba yeye na jeshi lake wasingehitaji hata wiki mbili kuiteka Nairobi. Akaunti ilikuwa yake kabisa. Baba yake, Rais Museveni, akawaomba Wakenya radhi. Mtoto alikuwa ameshaondolewa kwenye ukamanda na papo hapo kupandishwa cheo kuwa jenerali kamili. Aliyeandika kwamba Uganda inapanga vita alikuwa na chanzo halali na habari isiyo na kichwa wala miguu. Akaunti inakuambia nani kasema, basi.

Mimi chanzo nakipima kwa swali moja: huyu alikuwa mahali pa kujua hili analosema? Hili tu, si mengine. Chukua Malaba, mpakani na Kenya, Januari 2022. Serikali ilitaka madereva wa malori wapimwe korona mpakani kwa dola 30, madereva wakakataa, foleni upande wa Kenya ikawa ya kilomita na kilomita. Huku kwetu mafuta yakaadimika, na kuna vituo vilivyouza petroli kwa zaidi ya shilingi 10,000 kwa lita. Dereva aliyelala chini ya lori lake alikuwa chanzo cha dhahabu. Muulize umebeba nini, umefika lini, mbele yako umeona matangi ya mafuta mangapi, na unapata habari ambayo afisa wa Kampala hana. Muulize dereva huyohuyo nchi ina akiba ya lita ngapi, au nani wizarani anafaidika, naye atakujibu pia, tena kwa kujiamini na kwa utamu. Hapo umeshatoka kwenye habari, umeingia kijiweni.

Lakini wangapi walimuuliza? Dereva wa Malaba anaongea Kiswahili, na vyumba vya habari vya Kampala vinafikiri kwa Kiingereza na Kiganda. Katiba ilifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili tangu 2005, ila bado anayejieleza kwa Kiingereza safi ndiye anayeonekana anajua. Tangu Facebook ifungwe Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, mwandishi wa Kampala amezidi kujichimbia X (zamani Twitter), ambako mama muuza samaki wa Majanji hayupo.

Hata pale chanzo kinapokuwa sahihi, tovuti zetu hazituambii aliyesema alijua nini na saa ngapi. Jalala la Kiteezi, la taka za Kampala, lilipoporomoka Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2024, waliotangazwa kufa siku ile walikuwa wanane. Wachimbaji wakaendelea kufukua, idadi ikapita ishirini, baadaye ikapita thelathini. Hakuna aliyedanganya, kila saa ilikuwa na hesabu yake. Kosa ni la vichwa vya habari vilivyotaja idadi bila kusema nani kahesabu na lini, halafu vikaachwa hivyohivyo.

Sheria ya kupata taarifa tunayo tangu 2005, na ofisi ya serikali ina siku 21 za kukujibu. Mwambie mhariri wa tovuti asubiri siku 21 uone atakavyokutazama.

Sitawalaumu waandishi peke yao. Wengi walio wilayani hulipwa kwa kila habari inayochapishwa, na boda boda ya kwenda eneo la tukio na kurudi inaweza kumeza malipo yote. Anayeitisha mkutano hotelini anatoa chai na bahasha ya nauli. Unadhani atasikilizwa nani, yeye au mkulima wa kilomita arobaini ndani ambaye simu yake haina chaji? Wahariri walipe hiyo nauli kwanza. Kisha chini ya kila habari waongeze mstari mmoja: mwandishi alikuwa wapi, ameongea na nani uso kwa uso, na kipi kimenakiliwa kutoka kwenye kundi la WhatsApp.