Kompyuta inajizima zima, tupige windo au tufungue kesi?

Peleka desktopu inayojizima kwa fundi yeyote pale Kariakoo, hujamaliza hata kueleza utasikia "hiyo tupige windo tu", yaani afute Windows aiweke upya. Siku hizi watu wanawacheka sana mafundi kwa hilo, eti wavivu, eti hawajui kazi nyingine. Mi nakubali nusu.

Maana fundi ana hoja jamani. Kupiga windo bei inajulikana, jioni unachukua mashine yako, na kweli zipo zinazokrashi kwa sababu ya programu tupu, draiva mbovu (programu inayoendesha kifaa), antivirasi mbili zinagombana, apdeti iliyokatishwa na umeme kukatika. Tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima ilijionea, apdeti moja mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, ikaangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5, viwanja vya ndege vikakwama, skrini za bluu kila kona, na wala hakuna ramu (memori ya kompyuta) iliyoungua. Halafu fundi hawezi kukaa na mashine yako wiki nzima akisubiri izime, na hizi za kuzima zima zina tabia hiyo, kwa fundi inatulia kama sio yenyewe, ukifika nayo home inaanza.

Ila sasa cheki kilichotokea kwa prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14, hasa zile i9. Mtu anafungua gemu, gemu linakrashi, ujumbe unasema memori ya kadi ya video haitoshi, basi watu wakahangaika na draiva za kadi, wakafuta wakaweka upya, wengine wakapiga windo kabisa, wapi. Mwaka 2024 Intel wenyewe wakakiri ni volteji inayozidi kwenye prosesa, wakatoa marekebisho yanayoingia kupitia BIOS, ile programu ya kwenye ubao inayowasha mashine kabla ya Windows, na kuongeza waranti miaka 2, na prosesa ambayo ilishaharibika marekebisho hayaiponyi, ni kubadilisha tu. Hapo upige windo mara ngapi?

Kwa hiyo mi simlaumu fundi kupiga windo, namlaumu kupiga KABLA hajaangalia. Windows inaweka kumbukumbu. Fungua Event Viewer, daftari la matukio lililomo ndani ya Windows, ukikuta Kernel-Power 41 (alama kwamba mashine ilizima bila kufuata utaratibu) peke yake na skrini ya bluu hujawahi kuiona, ujue mashine ilikatika ghafla hata kosa haikuwahi kuandika, shuku umeme, pawa saplai au joto. Ukikuta mafaili kwenye folda ya Minidump, ambako Windows huandika kila skrini ya bluu, na kosa linabadilika badilika, leo MEMORY_MANAGEMENT kesho lingine kabisa, anza na ramu: chomoa, safisha meno yake kwa raba ya penseli, rudisha moja moja, kisha acha MemTest86, programu ya kupima ramu, itembee usiku kucha, haikugharimu kitu. Kama ni draiva ileile inatajwa kila mara, haya, fundi kashinda. Ila akishafomati C ushahidi wote umeenda, na picha za harusi nazo kama hukufanya bakapu.

Upande wa pili nao wasijione, hawa wa "nunua pawa saplai mpya" wanaotoa hela za wenzao mfukoni. Hizi Dell na HP za mtumba nyingi pawa saplai zake zina plagi zao wenyewe, ya kawaida ya dukani haiingii, utazunguka mjini mpaka uchoke na kumbe ni vumbi tu limejaa kwenye feni ya prosesa.

Kabla ya windo na kabla ya kununua kitu, weka Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kwenye fleshi, washa mashine kwa hiyo fleshi bila kuinstoo chochote, ifanyishe kazi nzito nusu siku. Ikizima na humo, Windows msiisingizie. Isipozima usishangilie bado, maana diski yako haijafanya kazi muda wote huo, na diski inayokufa nayo inaangusha Windows vizuri tu, ipime na CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, ikiandika Caution toa mafaili yako kwanza ununue diski, hilo windo lipigwe kwenye mpya.