Je, programu ya taa za rangi inaweza kuua kompyuta?

Kwa mafundi wa kompyuta wa Kariakoo kuna lawama isiyokwisha: kwamba programu zinazoendesha taa za RGB, yaani taa za rangi zinazobadilika ndani ya kompyuta, huua ubao mama (bao kuu linalounganisha vipuri vyote) na ramu (kumbukumbu ya muda). Wauzaji wa kompyuta za michezo hupuuza lawama hiyo kwa hoja inayoonekana nyepesi lakini ina mashiko, kwamba taa ni pambo tu, na rangi haina uwezo wa kuunguza chochote. Kwa maoni yangu mafundi wako karibu zaidi na ukweli, ingawa mara nyingi wanamkamata mtuhumiwa mmoja na kuwaacha wengine.

Tatizo haliko kwenye taa, liko kwenye njia inayopitishia amri zake. Ndani ya ramu ya kizazi cha DDR4 yenye taa, mbali na chipu ya taa, kuna chipu nyingine ndogo iitwayo SPD, yenye baiti 512, ambayo huieleza BIOS, programu ya kwanza kuamka kompyuta inapowashwa, ukubwa, kasi na volti ya ramu hiyo. Chipu zote mbili hutumia njia moja ya mawasiliano, SMBus, na kinachozitenganisha ni anwani tu. Programu ikikosea anwani, au programu mbili zikiigombania njia hiyo kwa wakati mmoja, amri ya rangi inaweza kuandikwa juu ya taarifa za SPD. Mwenye kompyuta haoni kitu siku hiyo. Akiiwasha tena, feni zinazunguka, skrini inabaki nyeusi. Ramu yenyewe haijaungua, na fundi mwenye subira huweza kuirudishia taarifa kwa kunakili za ramu ya aina ileile, lakini nani ataisubiri kazi hiyo ilhali ramu nyingine inauzwa duka la pili?

OpenRGB, programu huria inayopendwa kwa sababu huunganisha vifaa vya kampuni nyingi, haifichi jambo hili. Watengenezaji wake, ambao hulazimika kuchunguza wenyewe namna vifaa vinavyopokea amri, wamekiri kuwa taa za baadhi ya bao mama za kampuni ya MSI ziliwahi kuharibika kwa amri zisizofaa, na kwamba kulikuwa na taarifa za bao za kampuni ya Gigabyte za aina ya Z390 kufa baada ya SMBus kuchunguzwa.

Hata hivyo, anayekimbilia programu ya kiwandani asidhani amefika salama. Mwaka 2018 kasoro za usalama zilitangazwa katika programu endeshi (zile zinazouunganisha mfumo na vifaa) zilizokuja na Aura Sync, programu ya taa ya kampuni ya ASUS, na nyingine katika programu za Gigabyte. Programu hizo hufika ndani kabisa ya mfumo, mahali ambapo mdukuzi angetamani kufika. Mwaka 2020 programu hasidi ya RobbinHood, inayofunga mafaili na kudai fidia, ilitumia programu endeshi ya Gigabyte kuzima kinga ya kompyuta. Hasara ya namna hiyo haionekani kwenye meza ya fundi, ndiyo maana haimo katika lawama zake.

Isitoshe, kuna uharibifu ambao programu haihusiki nao hata kidogo: mkanda wa taa wa volti 5 ukichomekwa kwa nguvu kwenye tundu la volti 12, taa huungua papo hapo.

Kibodi, kipanya na vidhibiti vya feni vinavyopokea amri kwa USB havigusi SMBus, kwa hiyo hofu ya SMBus kwa vifaa hivyo imepita kiasi. Hofu ibaki kwenye ramu na ubao mama. BIOS nyingi zina chaguo la kuzuia SPD isiandikwe; likiwashwa, taa za baadhi ya ramu hukataa kubadilishwa rangi. Kwa kijana wa michezo huo ni usumbufu wa kweli. Kwa kompyuta inayotunza hesabu za duka, ningewasha kizuizi hicho na kuiacha ramu na rangi yake ya kiwandani.