Wakfu au awamu: fedha za kigeni katika taasisi za masomo ya kanda

Taasisi ya masomo ya Mashariki ya Kati au ya Afrika ni ghali kuliko inavyoonekana. Darasa la Kiarabu au la Kiswahili katika chuo cha Ulaya au Marekani huwa na wanafunzi wachache, hivyo ada zao hazifikii mshahara wa mwalimu. Maktaba inanunua vitabu ambavyo idara nyingine haivigusi, na utafiti wa nje unadai nauli, posho na vibali. Pengo hilo huzibwa na mfadhili. Wapo wanaotaka fedha zote za watawala wa kigeni zikataliwe, na wapo wanaosema bila fedha hizo fani zenyewe zitakufa.

Wanaokataa wana hoja nzito, na mfano wao mkubwa ni London School of Economics. Mwaka 2008 chuo hicho kilimtunuku Saif al-Islam Gaddafi, mwana wa mtawala wa Libya Muammar Gaddafi, shahada ya udaktari. Juni 2009 Baraza la chuo likapokea ahadi ya paundi milioni 1.5 kutoka taasisi ya hisani aliyoiongoza yeye, kwa ajili ya utafiti kuhusu Afrika Kaskazini, zilipwe kwa miaka mitano. Uasi wa Libya ulipoanza Februari 2011, zilizokuwa zimeingia ni paundi 300,000 tu, yaani awamu moja. Mwezi uliofuata mkurugenzi, Howard Davies, alijiuzulu. Lord Woolf, aliyekuwa Jaji Mkuu wa England na Wales, alipewa kazi ya kuchunguza, na ripoti yake ya Novemba 2011 ilionyesha kwamba chuo hakikuhoji ipasavyo fedha zile zilikotoka.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama kisa cha mfadhili mbaya. Ni kweli, lakini hesabu yake nayo ina funzo. Paundi milioni 1.5 zikitolewa kwa awamu, mradi unapata 300,000 kwa mwaka: unaajiri watafiti kwa mikataba mifupi, unaandaa makongamano, na kila mwaka unasubiri hundi. Kiasi hichohicho kikiwekwa kwenye mfuko wa wakfu, yaani mtaji unaowekezwa na kutumiwa faida yake tu, kwa asilimia 4 kwa mwaka kinatoa paundi 60,000, takribani mhadhiri mmoja pamoja na pensheni yake. Ni kidogo mno kwa macho ya mkuu wa chuo anayetaka kutangaza kituo kipya, na ndiyo maana awamu zinapendwa. Ila mhadhiri yule mmoja hamwogopi mtu. Katika mpango wa awamu, mfadhili hahitaji kupiga simu kuzuia utafiti wowote. Mtafiti ambaye mkataba wake unaisha Desemba ataacha mwenyewe kuandika juu ya magereza ya nchi inayomlipa, na hakuna ukaguzi utakaobaini makala ambayo haikuandikwa.

Chuo cha Georgetown, Washington, kimepita pande zote mbili. Mwaka 1981 rais wake, Padri Timothy Healy, aliirudishia Libya dola 600,000 pamoja na riba, fedha zilizotolewa kwa kituo cha masomo ya Kiarabu. Mwaka 2005 chuo hichohicho kilipokea dola milioni 20 za Mwanamfalme Alwaleed bin Talal wa Saudi Arabia kwa kituo cha maelewano kati ya Waislamu na Wakristo, zikiwemo za kugharimia nafasi za uprofesa. Wakfu wa kiasi hicho, kwa asilimia 4.5, huzaa dola 900,000 kila mwaka. Jina la mfadhili linabaki mlangoni, na hilo si jambo dogo, lakini uwezo wake wa kusitisha mshahara wa mtu umekwisha.

Upande wa pili una jibu ambalo wakosoaji hulipita haraka: fedha za serikali ya nyumbani nazo zina mwenyewe. Ruzuku ya Marekani ambayo kwa miaka mingi ilisaidia vituo vya masomo ya kanda na kugharimia ufundishaji wa Kiswahili katika vyuo vingi vya huko, ilizaliwa mwaka 1958, baada ya Wasovieti kurusha satelaiti ya Sputnik, kwa sheria iliyobeba jina la ulinzi wa taifa. Agosti 2019 Wizara ya Elimu ya Marekani iliwaandikia Duke na North Carolina, vyuo vilivyokuwa na programu ya pamoja ya Mashariki ya Kati, ikilalamika kwamba programu inakazia mno mazuri ya Uislamu kuliko ya dini nyingine, na ikataka orodha ya shughuli irekebishwe. Kwa hiyo anayekataa fedha za Ghuba kwa jina la uhuru aonyeshe za kwake zinatoka wapi.

Kwa maoni yetu, swali la kwanza mezani liwe umbo la fedha, na jina la mtoaji lifuate. Hati ya makubaliano iseme fedha zote zimeingia kabla nafasi haijatangazwa. Mfadhili asiwe na kiti kwenye kamati ya ajira, hata cha mtazamaji, maana mtazamaji huonekana na waombaji. Kuwe na kifungu kinachokiruhusu chuo kuondoa jina bila kurudisha mtaji. Kama ni lazima kupokea kwa awamu, chuo kiahidi kwa maandishi kulipa mishahara ya mikataba iliyopo hata hundi ikikatika. Na hati nzima iwekwe hadharani: sheria ya Marekani inavitaka vyuo kutaja zawadi za kigeni kuanzia dola 250,000, lakini kutaja kiasi hakumwambii msomaji masharti yake.

Masharti haya yana gharama. Wafadhili wengi hupenda awamu kwa sababu zinawaachia mkono kwenye usukani, na baadhi yao wataondoka. Chuo chenye mtaji mkubwa kitavumilia. Chuo kidogo chenye mwalimu mmoja wa lugha kinaweza kulifunga darasa.