Mvua hii haina adabu
Hapa Kampala tumekua tukijua mvua ina ratiba: Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Siku hizi ratiba hiyo imebaki kwenye vitabu vya shule. Unapanda maharage kwa mvua za kwanza, yanachipua vizuri, halafu mbingu inafunga wiki kadhaa. Unamwagilia kwa maji ya bomba, bili inapanda, jirani anakucheka. Miche ikianza kupata nguvu, inashuka mvua ya mawe na tuta zima la nakati, mboga yetu ya majani, linaishia mtaroni.

Lakini nyanya ndizo zinazonimaliza kabisa. Unyevu ukizidi, ugonjwa wa baka jani unaingia: madoa ya kahawia, majani yananyauka, tunda linaoza likiwa bado bichi. Ardhi ikikauka sana kisha mvua irudi kwa fujo, zinapasuka zote. Muuza dawa anakwambia, “Nyunyiza majani yakiwa makavu.” Makavu saa ngapi, ndugu yangu? Asubuhi ukungu, saa nane gharika!

Halafu yupo mgeni wa Jumapili: “Uganda udongo una rutuba, wewe tupa mbegu tu.” Aje atupe yeye.