Ilimba kwenye wimbo wa Broadway: tumpime binti huyu kwa kipimo gani?

Wapenzi wa sanaa za jukwaani hapa Dodoma wamegawanyika kwa sababu ya wimbo mmoja. Binti aliyesomea sanaa za maonyesho alipanda jukwaani katika ukumbi mmoja wa mjini akaimba "You'll Never Walk Alone" kwa mpangilio wake mwenyewe. Alianza na ilimba, ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba, peke yake. Baadaye kidogo kibodi ikaingia, zikafuata muheme, ngoma za kina mama wa Kigogo, zilizochanganywa na biti ya kompyuta, na kina mama wanne wakawa wanaitikia nyuma yake. Video yake imezunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp. Kuna wanaosema ameuharibu wimbo wa watu, na kuna wanaosema kwa mara ya kwanza wimbo huo umewagusa. Mimi nasema binti huyu amefanya jambo kubwa, kisha amelipunguza mwenyewe pale alipolifikisha katikati. Ila kosa lake haliko pale wanapoliona wanaomlaumu.

Tuanze na hoja ya "wimbo uimbwe kama ulivyo". Ni hoja yenye heshima, maana mtunzi ana haki yake. Lakini ukiwauliza wanaoitoa ni upi huo ulivyo, wengi watakutajia ule wanaousikia televisheni inapoonyesha mechi za Liverpool. Huo nao ni mpangilio mpya. Gerry Marsden na bendi yake ya Gerry and the Pacemakers, vijana wa mji huohuo wa Liverpool, waliurekodi mwaka 1963 kwa mtindo wa vijana wa siku zile, ukashika namba moja Uingereza, na mashabiki wa Anfield, uwanja wa Liverpool, wakaubeba mpaka leo. Wimbo wenyewe ulizaliwa Marekani miaka 18 kabla ya hapo, katika tamthilia ya muziki iitwayo Carousel ya Richard Rodgers na Oscar Hammerstein, iliyofunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za tamthilia za New York, Aprili 1945. Kwa hiyo anayemkaripia binti wa Dodoma kwa jina la asili, mara nyingi anatetea mabadiliko ya zamani dhidi ya mabadiliko ya sasa.

Tunaoipenda tamthilia tuna hoja nzito zaidi ya hiyo, na ndiyo inayonisumbua mimi. Katika Carousel wimbo huu hauimbwi kwa kushangilia. Billy Bigelow, mume wa Julie, amejaribu wizi, mambo yamemharibikia, amejiangukia na kisu chake mwenyewe na kufa. Julie amebaki mjane, tena mjamzito. Anajaribu kuanza wimbo, unamshinda, anavunjika. Hapo ndipo binamu yake Nettie anapoupokea na kuuimba mpaka mwisho kwa niaba yake. Baadaye, mwisho wa tamthilia, wimbo unarudi kwenye mahafali ya shule, binti wa marehemu akiwa ameshakua. Ndiyo kusema mstari wa kwanza unaimbwa na mtu aliyempokea mwenzake mzigo. Mwimbaji wa jukwaani, hata akiuimba nje ya tamthilia, akisahau kwamba kuna aliyeshindwa kuimba kabla yake, amebaki na nota tupu.

Na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Sekunde zake za mwanzo ni bora kuliko nyingi nilizowahi kuzisikia. Ilimba, kwa asiyewahi kuikaribia, ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vinavyochezwa kwa vidole gumba. Kwenye uso wa sanduku pana tundu dogo lililozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaoipa sauti ile ya kutetemeka, kama kuna mtu anayenong'ona ndani. Nota inatoka na mtetemo wake, haiji safi. Binti aliimba juu ya mtetemo huo kwa sauti ya chini, karibu na kuongea, na mstari wa pili akauchelewesha kidogo kana kwamba anasubiri kuona kama mwenzake ataweza kuendelea. Hajawahi kuniambia kama alimfikiria Julie. Mimi nilimwona Julie.

Kisha kibodi ikaingia, na mambo yakaanza kuharibika kwa sababu ya kifundi kabisa. Ilimba ya Kigogo haikuwekwa sauti kama kinanda. Wagogo huimba na kupiga kwa kufuata sauti za asili zinazopanda juu ya sauti moja ya msingi, zilezile unazozipata kwenye uzi wa zeze ukiugusa kidogo tu bila kuukandamiza. Wataalamu wa muziki kama Hugh Tracey na Gerhard Kubik walishaliandika hilo miaka mingi iliyopita. Katika mfuatano huo kuna sauti moja, ya saba, inayokaa chini ya nota ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu toni, yaani theluthi ya hatua ndogo kabisa ya kinanda. Ikiwa peke yake ni tamu mno. Ikigongana na kibodi, sikio linasikia kwamba mmoja wao amekosea, na kwa kuwa kibodi ina spika kubwa, lawama inaiangukia ilimba. Fundi mitambo akafanya ambalo wengi wangelifanya: akaishusha ilimba mpaka ikapotea. Kuanzia hapo tulikuwa tunasikiliza kibodi yenye pambo la Kigogo.

Wanaotetea mpangilio huo watanijibu kwamba wimbo wa Rodgers una sauti za chini zinazohama kila mara, na ilimba haina nota za kuufuata wote. Ni kweli, siwezi kulipinga. Lakini kulikuwa na njia mbili wazi. Vyuma vya ilimba vinasogezwa mbele au nyuma ili kubadilisha sauti, kwa hiyo ingeweza kurekebishwa ikakubaliana na kibodi, ingawa hapo tungeupoteza ule utamu. Au kibodi ingekaa kimya na wale kina mama wanne wakaachiwa kazi ya kuubeba wimbo. Kuimba kwa sauti kadhaa zinazoachana na kukutana ni kitu wanachokijua tangu utotoni, na hawahitaji kibodi kuwaambia pa kukutana. Naamini hilo ndilo lingekuwa tendo la kisasa kweli.

Kosa la pili ni ngoma, na hapa nataka nieleweke. Sina ugomvi na muheme. Ngoma zile zinazobanwa mapajani na kina mama wa Kigogo zina uzito ambao biti ya kompyuta haiwezi kuuiga. Tatizo ni zilipoingia. Wimbo huu hauna kiitikio kinachorudi kila baada ya ubeti. Unaanzia chini na kupanda ngazi kwa ngazi hadi mistari ya mwisho, na nguvu yake yote iko kwenye kuchelewa kufika. Binti aliruhusu ngoma zote ziingie kabla wimbo haujafika nusu, na papo hapo akaanza kuipamba sauti kwa mizunguko ya kupanda na kushuka, ile tunayoisikia kwenye mashindano ya kuimba ya televisheni. Ni kula mboga yote na tonge la kwanza. Alipofika kilele, ambako ndiko anakohitajika, hakuwa na pa kwenda ila kupiga kelele. Ukumbi ulishangilia sana. Mimi nilisikia pumzi imekwisha.

Vijana wananijibu kwamba nalazimisha msiba kwenye wimbo ambao dunia nzima inauimba uwanjani kwa furaha, kwamba wimbo ukishatoka kwenye tamthilia ni mali ya anayeuimba. Wana haki kwa sehemu kubwa. Aretha Franklin aliupeleka kanisani Los Angeles mwaka 1972 akauimba kama injili, na hakuna aliyemdai tamthilia. John Coltrane aliuchukua wimbo mwingine wa Rodgers, "My Favorite Things", akaupiga kwa saksofoni ya soprano kwa karibu dakika 14, na leo wapo wanaoujua kwa Coltrane tu. Ila nawaomba wautazame huo uwanja wanaoutaja. Mashabiki wa Liverpool waliuimba kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa, Istanbul mwaka 2005, wakati wa mapumziko, timu yao ikiwa imefungwa 3-0 na AC Milan. Wameuimba miaka yote hii kuwakumbuka watu 97 waliokufa kwa msongamano kwenye uwanja wa Hillsborough mwaka 1989. Hata uwanjani, wimbo huu unaimbwa na walioelemewa. Anayetaka kuuimba kiuwanja na aanzie hapo.

Kuna sauti ya tatu, ya wazee wetu, inayosema ilimba haikupaswa kupelekwa huko kabisa. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Hukwe Zawose, mwanamuziki na mwana wa Ugogo aliyefanya kazi yake Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, aliketi studio na mpiga gitaa Michael Brook wakatoa albamu ya Assembly mwaka 2002, yenye gitaa la umeme na midundo ya mashine. Mwanawe Msafiri Zawose ameendelea na njia hiyo kwenye albamu ya Uhamiaji, na Pendo na Leah, The Zawose Queens, wakatoa Maisha mwaka 2024. Ninachokisikia kwenye Assembly ni kwamba vyombo vya mashine vinaifuata sauti ya mzee. Haviivuti iende kusiko kwake. Ndicho nilichokikosa kwenye ukumbi wetu: ilimba ilialikwa, ikasalimiwa, halafu ikaambiwa ikae nyuma.

Nasikia binti anajiandaa kuurekodi wimbo huo. Nampa alama za juu kwa mwanzo wake, na ningependa aulinde kwa gharama yoyote. Kibodi aitoe. Muheme zisubiri mpaka mistari miwili ya mwisho, ziingie moja moja, na mizunguko ya sauti aibakishe kwa neno moja tu atakalolichagua mwenyewe. Na wale kina mama wanne wasogezwe mbele, kila mmoja na kipaza sauti chake, wasimame bega kwa bega na yeye.